Sekunde Kumi na Moja

Siku kaka yake alipolileta gari lile nyumbani, majirani walitoka mmoja mmoja kama watu waliosikia kuna mgeni kutoka ng'ambo. Lilikuwa jekundu kama pilipili iliyoiva, limechuchumaa chini hata kuku asingepita uvunguni mwake. Mshale wa kasi uliandikiwa namba mpaka mia mbili na themanini. Kaka mtu alimketisha mdogo wake kiti cha mbele, akawasha, na injini ikanguruma mpaka vikombe vya kabatini mle ndani vikagongana.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, kaka."

"Basi huyo bado yuko usingizini. Ngoja aamke."

Hakuamka. Wiki sita zilipita, na katika wiki hizo sita mshale haukuvuka arobaini. Kutoka nyumbani mpaka darajani, mwendo wa kilomita saba, gari lile lilitumia saa moja na robo, sawasawa na mkokoteni, ila mkokoteni hauna kiyoyozi. Siku moja kaka aliamua kulitoa nje ya mji, alinyooshe miguu kwenye barabara ya wazi. Alitumia saa mbili na nusu kuufikia mwisho wa mji, na kwenye tuta la kwanza baada ya hapo tumbo la gari likaparuza kwa mlio uliomfanya afumbe macho. Akageuza.

"Shemeji," mke wa kaka alimwambia mdogo mtu jioni ile, huku akimenya vitunguu mlangoni, "mimi juzi nilikwenda sokoni kwa miguu. Nikamkuta mume wangu kwenye foleni, pale penye kituo cha mafuta, nikampungia mkono. Nikanunua, nikabishana bei, nikasengenya kidogo, nikarudi. Yuko palepale! Nikamgongea kioo nikampa ndizi, maana nilimwonea huruma."

"Cheka tu," kaka alisema. Yeye hakucheka.

Mdogo mtu wenzake kazini walimwita Sekunde, na jina lilikuwa limemganda kuliko lile la kuzaliwa. Alifanya kazi katika chumba cha taa: chumba kimoja ghorofa ya tatu, chenye skrini kumi na mbili, birika la chai na feni iliyolia kama kifaranga. Humo ndimo watu watatu, kwa zamu, walimoamua ni taa ipi ya mji iwake kijani na kwa muda gani. Kando ya skrini palitundikwa ubao mweusi kama wa darasani. Aliyeuleta ni bosi wao, mama mmoja mfupi aliyevaa miwani yenye kamba, na sheria yake ilikuwa moja tu.

"Sekunde haizaliwi," alikuwa akiwaambia. "Inahamishwa. Ukimpa huyu umemnyang'anya yule. Basi andika umemnyang'anya nani."

Kwa hiyo yeyote aliyebadilisha taa kwa muda, labda bomba la maji limepasuka au kuna msafara, aliandika kwa chaki: sekunde ngapi, zimetoka wapi, zimekwenda wapi, zirudi saa ngapi. Zamu ikibadilika, anayeingia aliusoma ubao na kuyarudisha yaliyoandikwa. Lililokuwa halijaandikwa alilihesabu kuwa ndio utaratibu wa kudumu, akalihifadhi kwenye mtambo, akanywa chai yake.

Kipaji cha kuhesabu Sekunde alikipata kwa kaka yake. Wazazi wao walipofariki, kaka alikuwa na miaka kumi na tisa, yeye sita. Kaka akaacha shule, akapanda lori la kokoto. Likizo zote alimchukua mdogo wake na kumweka kiti cha utingo, maana nyumbani hapakuwa na wa kumwachia. Lori lilikuwa zito. Likishasimama, kuliondoa ni kazi. Wakiiona taa kwa mbali kaka husema, "Hesabu, bwana mdogo. Tunavuka, hatuvuki?" Na mtoto huhesabu kwa midomo, macho yamemtoka, kisha hupaza sauti: "Tunavuka!" Alipatia mara nyingi kuliko alivyokosea. Lori lile lilimsomesha mpaka chuo, na kuhesabu kule kulimpa kazi.

Ndiyo maana kaka alipokuja kuketi kando yake uani, bila kuanza kwa utani, Sekunde alijua mapema kwamba hataweza kumkatalia.

"Wazee wa gereji wananiita mfuga duma," kaka alisema. "Eti nimenunua duma nikamfungia kwenye banda la kuku."

"Maneno ya gereji hayo, kaka."

"Ni ya kweli. Ila hawanielewi. Miaka ishirini na saba nimeendesha lori, mdogo wangu. Kila chenye magurudumu kilinipita. Baiskeli zilinipita. Siku moja mlimani nilipitwa na bwana mmoja anayekimbia mazoezi, akanipigia saluti. Nikajiambia, kabla sijazeeka, na mimi nipite. Mara moja tu."

"Sasa katika mji huu utampita nani? Wote mmesimama."

"Wewe ndiye mwenye taa."

"Kaka."

"Sijawahi kukuomba kitu," kaka alisema. Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli Sekunde aliuliza ni siku gani.

Walichagua Alhamisi, saa nane mchana, wakati barabara kuu hupumua kidogo kabla watoto hawajatoka shule. Toka nyumbani kwa kaka mpaka darajani kulikuwa na makutano saba. Sekunde alizipanga taa zifunguke moja baada ya nyingine, kama mtu anayefungua milango ya nyumba moja, ili magari yaliyo mbele yaishe na nyuma yao paje gari jekundu peke yake. Katika makutano sita alizichota sekunde kwenye barabara za pembeni. Makutano ya saba yalimkatalia. Barabara zake za pembeni zilikuwa zimejaa pomoni, na sekunde pekee zilizobaki zilikuwa za mtu wa kijani, yule mdogo wa kwenye taa anayewaruhusu waenda kwa miguu. Alikuwa na sekunde ishirini na nane. Sekunde alimkata kumi na moja, akamwachia kumi na saba.

Nusu saa tu, alijiambia. Nani atavuka pale kwa nusu saa?

Chaki ilikuwa pale karibu na mkono wake. Lakini ukiandika lazima uandike zimekwenda wapi, na angeandika nini? Hakuandika.

Kaka alipita taa zote saba kwa dakika tano na sekunde arobaini. Alipiga simu kutoka ng'ambo ya daraja, na kwa muda mrefu Sekunde alisikia pumzi tu.

"Kaka? Upo?"

"Nimewapita," kaka alisema, na sauti ikamvunjika. "Mdogo wangu, nimewapita wote, wamejipanga pembeni wananitazama! Hakuna hata mmoja aliyenipita. Wewe ni ndugu, wallahi. Wewe ni ndugu."

Sekunde alitoka kwenda kuongea na simu kwenye korido, macho yamemlowa. Walizungumza mpaka mwisho wa zamu. Kijana mwenzake wa zamu ya jioni, waliyemwita Ndevu, aliingia, akautazama ubao, akauona mtupu. Akahifadhi kila kitu, kama ilivyokuwa desturi, akamimina chai. Sekunde alirudi kuchukua koti lake. Wakapeana mikono, wakaagana. Alikwishafika nyumbani ndipo alipokumbuka, na siku tatu zilizofuata zilikuwa za mapumziko yake. Kumpigia Ndevu kungekuwa kukiri. Alilala nalo, akaamka nalo, akaliahirisha.

Jumatatu asubuhi alimkuta Ndevu anapiga miayo.

"Taa za barabara kuu zilinichezea Ijumaa yote," Ndevu alisema. "Watu wa pembeni walipiga honi mpaka ikaingia kwenye redio. Nikazirekebisha moja moja. Mtambo huu unazeeka, bwana."

"Unazeeka," Sekunde aliitikia, na moyo wake ukashuka mahali pake kama mzigo uliotuliwa. Yamekwisha, na hakuna aliyejua. Hakufungua hesabu za makutano ya saba kuzitazama. Aliyeponea tundu la sindano hageuki kulipima.

Ila Ndevu alirekebisha palipopigwa honi. Waenda kwa miguu hawana honi.

Wiki tatu baadaye, saa mbili asubuhi, mlango wa chumba cha taa uligongwa na kitu kigumu. Aliingia mzee mmoja mwembamba, futi ya fundi cherehani imemning'inia shingoni, gongo la mti chini ya kwapa la kushoto. Gongo la kulia alilibeba mkononi, limevunjika vipande viwili. Mguu mmoja wa suruali ulikuwa umekunjwa na kushonewa vizuri juu ya goti, mshono wa mtu anayeijua kazi yake.

"Nimeambiwa hapa ndipo kwa wenye taa," alisema.

"Karibu, baba," bosi alisema, akamvutia kiti. "Shikamoo. Ngazi zote hizo umepanda?"

"Marahaba, mwanangu. Ngazi hazina tabu, ngazi zinakusubiri." Aliketi, akaweka vipande vya gongo mapajani. "Nimekuja kuuliza kuhusu mtu wa kijani. Wa pale karibu na zahanati."

Sekunde aliinamia kibodi yake. Makutano ya saba.

"Navuka pale miaka kumi na moja," mzee alisema. "Kibanda changu kiko upande huu, zahanati na nyumbani upande ule. Ni hatua ishirini na mbili za magongo. Nazijua kama ninavyojua kiuno cha mteja. Nikifika ya ishirini na mbili, mtu wa kijani anaanza kupepesa, na mimi niko juu ya ukingo. Siku zote. Sasa nikifika ya kumi na nne ananigeuka."

Bosi alimtazama kwa upole. "Baba, usinielewe vibaya. Labda mwendo umepungua kidogo? Umri nao."

"Ndivyo nilivyofikiri," mzee alisema. Hakuonyesha kuudhika. "Wiki tatu nimefikiri hivyo. Nilijiambia, basi, uzee ndio huu, umekuja siku moja kama mgeni asiyepiga hodi. Nikaanza mazoezi uani asubuhi. Wajukuu wananihesabia. Uani navuka vizuri! Nikienda barabarani, kumi na nne. Nikaacha kupokea nguo za upande ule. Zahanati sijaenda mara mbili. Halafu juzi nikasema leo nitakimbia, nikakimbia, mtu wa mguu mmoja." Akainua kipande cha gongo. "Niko katikati, gari likanipitia hapa. Mimi nilidondoka, sikuumia. Gongo ndilo lililoumia."

"Gari gani?" Sekunde aliuliza. Sauti ilimtoka kabla hajaiita.

Mzee aligeuka kumtazama kwa mara ya kwanza. "Sikuliona, mwanangu. Nilikuwa natazama mguu wangu."

Bosi alimwahidi kwamba watakagua. Ndevu, aliyekuwa akimalizia zamu ya usiku, alimsindikiza mpaka ngazini, na aliporudi akamwambia Sekunde, "Masikini mzee wa watu. Taa itamwibiaje mtu?"

Sekunde alifungua makutano ya saba. Kumi na saba. Namba ilikuwa imekaa pale wiki tatu, haina aibu. Akaandika ishirini na nane, akahifadhi. Hata dakika haikuisha. Kesho mzee angevuka, angefika ukingoni, angedhani mazoezi ya uani yamemsaidia. Na yeye, Sekunde, angekuwa salama kabisa. Akageuka, akautazama ubao.

Jioni ile alikwenda kwa kaka yake. Gari lilikuwa limefunikwa turubai, na kaka alikuwa amechuchumaa analifuta tairi lisilo na vumbi.

"Umesharudisha?" kaka aliuliza alipokwisha kusimuliwa.

"Nimerudisha."

"Basi yamekwisha. Mnunulie mzee magongo mapya. Mazuri, ya chuma. Mimi mwenyewe nitayanunua."

"Kaka, yule mzee anajiona amezeeka. Watoto wanamhesabia uani. Tumemfanya asiuamini mguu wake."

"Tumemfanya? Mimi nimegusa taa?"

"Hapana. Nimegusa mimi."

"Basi usinitie humo." Kaka alisimama, kitambaa mkononi. "Unataka kufanya nini?"

"Kuandika ubaoni. Bosi asome."

"Watakufukuza."

"Huenda."

"Miaka yote ile kwenye kokoto, mapafu yangu yamejaa vumbi, ili wewe ukae kwenye kiti kinachozunguka. Leo unataka kukitupa kwa ajili ya sekunde? Dakika tano, mdogo wangu. Maisha yangu yote nimepata dakika tano. Hata hizo unataka kuzifanya ziwe wizi?"

Hilo ndilo hasa lililokuwa likimuuma Sekunde. Alikumbuka ile pumzi kwenye simu. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na yeye ndiye aliyeikata kwenye mwili wa mtu mwingine.

"Juzi ulipita pale zahanati?" aliuliza.

Kaka alikikunja kitambaa. "Napita pale kila siku. Na mia wengine wanapita." Kisha akalivuta turubai mpaka chini. "Ukiniandika kwenye huo ubao, usinipitie tena hapa."

Mke wa kaka alikuwa mlangoni, safari hii mikono mitupu. Alipokuwa akimfungulia shemeji yake geti alinong'ona tu, "Ilinipasa niseme mapema kwamba hili gari lilitaka mji mwingine. Nikaishia kutania."

Asubuhi Sekunde alifika kabla ya wote isipokuwa Ndevu. Akashika chaki. Aliandika tarehe ya Alhamisi ile, kisha kwa herufi kubwa ili asije akajionea huruma: SEKUNDE 11. ZIMETOKA KWA WAENDA KWA MIGUU, MAKUTANO YA 7. ZIMEKWENDA KWA KAKA YANGU, APITE NA GARI LAKE. ZILITAKIWA KURUDI BAADA YA NUSU SAA. ZIMERUDI BAADA YA WIKI TATU. Akatia sahihi.

Ndevu alisoma, akaweka kikombe chini. "Futa," alisema kwa sauti ndogo. "Bwana wewe, futa kabla hajaja."

"Ulisema mtambo unazeeka. Hauzeeki."

Bosi aliingia, akavua miwani, akaivaa tena. Alisoma mara mbili. Hakufoka, Sekunde angependa afoke.

"Mzee wa jana," alisema, "mimi nilimwambia ni umri." Akakaa. "Nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu huu."

Akamwambia aache ufunguo mezani na asiguse mtambo mpaka wakubwa wakae na kuamua. Inaweza kuwa mwezi, inaweza kuwa ndio mwisho, hakuweza kumwahidi. Alipokuwa mlangoni akamwita. "Na kwa mzee nenda wewe. Usimtume mtu."

Kibanda cha fundi kilikuwa na vyerehani viwili na rundo la nguo zenye vikaratasi vya majina. Gongo lilikuwa limeungwa kwa waya. Sekunde alizungumza akiwa amesimama, yote, tangu gari jekundu mpaka chaki, akaomba msamaha. Mzee hakumkatiza. Sindano ilikuwa mdomoni mwake, na alipoitoa aliichoma polepole kwenye kimto cha sindano.

"Kumi na moja," alisema.

"Kumi na moja, baba."

"Unajua kwa sekunde kumi na moja mimi nafika wapi?"

"Hatua nane. Au tisa."

"Nafika nyumbani," mzee alisema. Ndipo hasira ilipomtoka. "Mimi nilimwambia mke wangu nimekwisha! Unasikia? Nilikaa kitandani nikamwambia mwanamke yule, jiandae, mimi nimekwisha. Akalia. Hayo machozi utayarudisha kwenye skrini?"

Sekunde alisimama pale, wala hakuomba msamaha mara ya pili, maana aliona ingekuwa kumpa mzee kazi nyingine tena, ya kumsamehe.

Mzee aliyavuta magongo yake. "Nisindikize. Nataka kuona kwa macho yangu. Usinishike."

Walisimama ukingoni. Foleni ya mchana ilikuwa imejaa pande zote, joto linapanda kutoka kwenye vichwa vya magari. Taa ikabadilika. Magari yakasimama, na la kwanza kabisa mbele ya mstari, jekundu, limechuchumaa, lilikuwa la kaka.

Mtu wa kijani akawaka. Mzee akaanza. Sekunde alitembea nyuma yake hatua moja, akihesabu bila kutaka: mbili, tatu, nne. Magongo yaligonga lami, moja sawa, lile la waya likilia kidogo. Kwenye hatua ya kumi na mbili walikuwa mbele kabisa ya gari jekundu. Sekunde aligeuza uso. Kaka alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, hakumtazama yeye. Alitazama magongo, na midomo yake ilikuwa ikichezacheza, taratibu, bila sauti, kama ya Sekunde miaka ile alipohesabu ndani ya lori.

Kumi na nne. Mzee alisita, mabega yakapanda, mwili wake ukisubiri kusalitiwa. Mtu wa kijani alibaki palepale.

"Endelea, baba," Sekunde alisema.

Kumi na tano. Kumi na sita. Ya ishirini na mbili iligonga ukingo, na nyuma yao taa ikaanza kupepesa. Mzee alisimama akihema, amewapa mgongo wote wawili, na Sekunde hakuuona uso wake.

Magari yakaruhusiwa. Gari jekundu halikuondoka. Nyuma yake honi zikaanza, moja, tatu, kumi, na kaka akaonekana kushtuka kama mtu aliyeamshwa. Injini ikanguruma, ile ngurumo ya kugonganisha vikombe. Likasogea kiasi cha hatua ishirini na mbili hivi, likakutana na foleni, likasimama tena.